Lango la Saa Nne

Mpaka leo, simu ya mezani ikilia mara moja halafu ikanyamaza, huacha ninachofanya na kutazama saa. Watoto wangu wananicheka. "Mama anaogopa simu, jamani!" Wacheke tu. Sijawahi kuwaambia kwa nini, na ninaandika sasa kwa sababu nimechoka kuibeba habari hii peke yangu.

Kwetu ni Upare ya kusini, milimani, juu ya Makanya. Kijiji chetu kina ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo wazee walilichimba ili maji ya kijito yajae usiku na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Nilipokuwa mdogo niliogopa ndiva kuliko nilivyoogopa chui. Sikuogopa maji yaliyotulia, niliogopa lango. Lilikuwa la mbao nene, na likiinuliwa maji yalitoka kwa mngurumo uliotetemesha miguu yangu hata nikisimama mbali. Mama alikuwa ananivuta mkono na kuniambia, "Pembe ikishalia, usiogope. Hakuna mkono unaogusa lango."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Kazi ya pamoja kwetu tunaiita msaragambo. Siku ya kuzoa tope, pembe ya tandala ilipigwa alfajiri, na kila mwenye miguu alitoka na jembe na karai. Asiyetokea alipigwa faini ya mawe: abebe mawe ya kuzibia kingo kutoka kijitoni, peke yake, huku watu wanamwangalia na kumzomea. Kuanzia pembe ilipolia asubuhi mpaka ilipolia tena jioni, lango halikuguswa. Wanawake waliingia chini yake na watoto mgongoni, wakaimba, wala hawakutazama juu. Watazame nini, na pembe imeshalia?

Aliyepiga pembe na kulilinda lango alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mtu mkavu, mpenda ugoro, mwenye kununa kama mbuzi aliyenyimwa chumvi. Alikuwa na mwiko mmoja ambao hakuuvunja hata mara moja: siku ya msaragambo aliketi juu ya ukuta wa lango kuanzia asubuhi, hali, hanywi, mpaka mtu wa mwisho atoke chini. Watu walimtania kwamba anataga mayai pale.

Nilikua miaka ya foleni, miaka ambayo tulifulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa hadithi. Halafu zikaja nyakati za ruksa. Maduka ya Same yakajaa sabuni za kila rangi, na watu wa kuzinunua wakaanza kurudishwa nyumbani. Mashirika yaliuzwa, mashamba ya mkonge yakabadilisha wenyewe, na neno "kupunguzwa" likawa neno la kila siku kama chumvi. Ulikuwa unakutana na baba wa watu, jana alikuwa karani mwenye kalamu mfukoni, leo anauza mitumba kando ya stendi na anakwepa macho yako. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta Dar es Salaam, nikabahatika kuajiriwa na mradi wa maji uliokuwa na ofisi pale Same. Niliingia kazini na hofu, na nilitoka kila jioni nayo.

Mradi ulijenga tangi la zege chini ya ndiva yetu, kimo cha watu wawili na ushee, lenye ngazi moja ya chuma, ili maji yaache tope humo kabla ya kuingia kwenye bomba linaloteremka Makanya na kufuata barabara kuu hadi mjini. Lango la mbao liling'olewa. Likawekwa la chuma, lenye mota na gia za meno. Pembeni kikajengwa kibanda, na ndani ya kibanda kompyuta, betri za sola, modemu na laini ya simu. Kazi yangu ilikuwa kuiongoza kompyuta ile kutoka Same bila kupanda mlima. Kila alfajiri saa kumi na mbili programu yangu ilipiga simu yenyewe, ikaingia kwenye mashine ya mlimani, ikaangalia kina cha maji, ikaacha amri: saa nne fungua, saa tisa funga. Mimi saa hizo nilikuwa bado nakunywa chai.

Mjomba hakuwa na kazi tena. Ni mimi niliyetumwa kwenda kumchukulia ufunguo. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani tangu sijazaliwa, kwanza ufunguo wa kufuli la lango, halafu mradi ulipoanza wakampa na wa kibanda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuniondoa."

"Si mimi, mjomba. Ni mradi."

"Mradi sijauona. Nakuona wewe." Akafungua fundo kwa vidole viwili, upesi, akanipa ufunguo wa kibanda. Ule wa kufuli la zamani akabaki nao, na kufuli lenyewe akalitia mfukoni, maana havikuwa na kazi kwa mtu yeyote. "Na hiyo mashine yenu," akauliza, "pembe itaisikia?"

Nikamwambia ofisi itaandikiwa barua kila msaragambo ukipangwa, na mimi nitaizuia mashine siku hiyo. Akavuta ugoro. Nilikasirika, kusema kweli. Nilijiona msomi, na yeye nilimwona mzee anayenigombanisha na karne.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza polepole ili nisipate pa kujificha.

Fundi aliyefunga mitambo aliniachia mipangilio miwili na akanionya nisiiguse. Kila programu au mtu anapoingia kwenye mashine ile kwa simu, mashine inamfungulia kikao. Chukulia ni chumba chenye viti vinne tu. Mpangilio wa kwanza ulisema: aliyekaa kimya dakika kumi, aondolewe kitini. Wa pili ulisema: mtu akiondoka, au simu ikikatika, kila amri aliyoiacha inakufa naye. "Tukipoteza mawasiliano," fundi aliniambia, "bora lango likae limefungwa. Mji ukikosa maji siku moja hakuna atakayekufa." Programu yangu ilibidi ikae hewani tangu alfajiri mpaka saa tisa, ikiisalimia mashine kila baada ya dakika chache ili isionekane imenyamaza.

Mipangilio ile ilikuwa na akili kwa nchi yenye simu nzima. Ya kwetu? Thubutu! Waya za shaba zilikuwa zinaibwa usiku, na kati ya Same na Makanya kulikuwa na nguzo zilizobaki uchi kama miti ya kiangazi. Simu ikikatika saa mbili, amri ya saa nne inakufa, lango halifunguki, mji unakauka. Kufika saa tano kina mama wameshajipanga mlangoni kwa ofisi na ndoo tupu, wananitukana mpaka ukoo. Mkuu wangu, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, alinisimamisha mbele ya ubao wa matangazo. Orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa inabandikwa hapo kila baada ya miezi michache. Akasema, "Bibie, mimi sitaki kuliandika jina lako hapa. Nisaidie nisiliandike."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa lango la mbao. Mshahara wangu ndio uliokuwa unawasomesha wadogo zangu, na nilijiona tayari nimekaa stendi na rundo la mitumba. Jioni ile nikaingia kwenye mashine ya mlimani na kuibadilisha mipangilio yote miwili. Dakika kumi nikazifanya milele: kikao kisifungwe hata kikikaa kimya mwaka mzima. Na amri isife hata simu ikikatika. Sikumwambia mtu.

Mji ukapata maji. Kina mama wakaacha kunitukana, mkuu akanisifu kwenye mkutano. Ila sasa simu ilipokatika, mashine haikujua kama kikao kimekufa. Iliendelea kukishikia kiti, ikingoja. Viti vikijaa vinne vya namna hiyo, mtu hai akibisha hodi anaambiwa hakuna nafasi. Hilo nalo nililijua. Kila Ijumaa nilikuwa naingia na kufagia, naondoa maiti vitini, basi. Nilikuwa nimejipangia utaratibu, nikauzoea, na nikaacha kuuogopa.

Barua ilikuja kutoka kijijini: msaragambo wa kuzoa tope la tangi utakuwa Jumamosi. Nikaizuia mashine kwa siku ya Jumamosi, nikaifungua barua mara ya pili kuhakikisha, nikaiweka kwenye faili.

Alhamisi ya wiki ile, kama saa tatu na nusu asubuhi, nilitoka ofisini kununua ndizi. Mama mmoja wa kijijini kwetu alikuwa anashuka na mikungu kwa Landrova ya mlimani, na mimi nilikuwa mteja wake. Siku hiyo nilimkuta peke yake, wenzake hawapo.

"Shikamoo mama. Wengine wako wapi leo?"

"Marahaba mwanangu. Wengine wako msaragambo. Mawingu ya vuli yametangulia, wakaona wakingoja Jumamosi tope litakuwa uji. Pembe imelia leo alfajiri. Mimi nimetoroka, nitalipa mawe yangu!" Akacheka. "Na mama yako naye, magoti yale yale, nimemwacha anashuka ngazi ya tangi wa kwanza."

Sikumbuki kama nililipa ndizi. Nakumbuka nimesimama na mkungu mdogo mkononi, na jua la Same kichwani. Nusu saa. Mama yangu alikuwa chini ya lango, na nusu saa ijayo lango litafunguka.

Nikakimbia. Viatu vilinitoka mlangoni kwa ofisi, nikaviacha. Nikapiga modemu. Ikalia ule mlio wake wa paka anayekanyagwa, mashine ya mlimani ikapokea, nikashusha pumzi. Nikaandika jina langu. Ikanijibu kwamba viti vimejaa.

Mungu wangu. Simu ilikuwa mbaya wiki nzima. Jumatatu imekatika, Jumanne imekatika, Jumatano imekatika. Maiti watatu. Na alfajiri ile, saa ile ile ambayo mjomba alikuwa anapuliza pembe, programu yangu ilikuwa imeingia kwenye kiti cha nne, ikaiacha amri ya saa nne, halafu laini ikakatika. Kwa mpangilio wa fundi, amri ile ingekufa palepale, na mama angezoa tope lake kwa amani. Kwa mpangilio wangu ilikuwa hai. Ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mwisho, inaangalia saa, na mimi niliyeiweka nilikuwa nje ya mlango.

Nilipiga tena. Na tena. Mara sita. Kila mara simu ililia mara moja tu, modemu ikapokea, nikarudishiwa maneno yale yale. Nilianza kuongea na kioo cha kompyuta kama mwendawazimu. "Ondoka! Nakuomba ondoka!" Karani wa mapokezi alichungulia akaniuliza kama nina malaria.

Hakukuwa na simu nyingine kule. Laini pekee ya kijiji ilikuwa hiyo ya kibandani, na modemu iliipokea kabla binadamu hajasikia. Nilikimbia peku hadi hospitalini kwa sababu walikuwa na redio ya kuongea na zahanati ya ng'ambo ya kwetu. Mhudumu wa redio akatikisa kichwa. Zahanati ile ilishaongea saa tatu, imefunga, itarudi hewani saa nane. "Jaribu hivyo hivyo, kaka yangu," nikamwambia. Akajaribu. Redio ikakwaruza tu, hakuna aliyeitika. Ukutani saa ilisema saa nne kasorobo.

Mkuu alikuwa Moshi na gari la mradi. Nikarudi stendi, nikaikuta Landrova ya mlimani, dereva wake anakula chapati akisubiri abiria. Nikapanda mbele nikamwambia tuondoke.

"Dada, gari halijajaa."

"Washa gari!"

Sijui alichokiona usoni kwangu. Aliiweka chapati kwenye dashibodi akawasha, na tukatoka Same tukiwa wawili tu.

Njia nzima hadi Makanya nilikuwa naangalia saa ya mkononi, halafu najizuia, halafu naangalia. Saa nne kamili ilinikuta kwenye mteremko, mkonge pande zote mbili, mstari baada ya mstari, umepangwa vizuri. Hakuna kilichotokea. Mbuzi walivuka barabara. Dereva alisonya, akapiga honi. Nikafikiria magoti ya mama. Ngazi moja, na wanawake labda thelathini, na mama ambaye huwa lazima awatangulize wengine hata kwenye foleni ya kisima. Nikajaribu kusali, na kila nilipoanza sala nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema: kisifungwe hata kikikaa kimya mwaka mzima.

Pale Makanya bomba letu linatokeza juu ya ardhi kabla ya kuvuka barabara, kwenye vumbi jeupe la jasi. Nikamwambia dereva asimame. Nikapiga magoti nikaweka sikio kwenye chuma. Huwa bomba lile ni kavu na la moto mpaka maji ya asubuhi yafike, na wakati mwingine nilishawahi kusimama pale kwa furaha kabisa kusubiri nisikie mji unapata maji.

Lilikuwa la baridi. Maji yalikuwa yanapita.

Lango lilikuwa limefunguka, basi. Sikulia. Nilibaki nimelikumbatia bomba nikisikia mngurumo ule ule wa utotoni, ila safari hii ulikuwa mdogo, wa mbali, ndani ya chuma. Halafu nikasikia unapungua. Ukawa mchirizi. Ukakoma.

Hilo lilikuwa baya zaidi. Maji ya saa nne hayakomi mpaka saa tisa, na mashine haikuwa na amri nyingine. Wazo lililonijia nalitaja hapa kwa mara ya kwanza: nilifikiri kuna kitu kimeziba mdomo wa bomba kule ndani ya tangi, na nilijua ni kitu cha ukubwa gani. Nilitapika pale pale kwenye vumbi la jasi. Dereva akaniletea maji kwenye kopo, akaninyanyua. Tukapanda mlima.

Saa nzima ya kona. Sina cha kuisimulia. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari kwa mikono miwili.

Kwa kawaida, msaragambo unausikia kabla hujauona: nyimbo, vicheko, makarai yanagongana. Tulipokata kona ya mwisho palikuwa kimya. Watu walikuwa wamesimama juu ya kingo za tangi, wengi, wametulia, na wote walikuwa na rangi moja ya tope kuanzia nywele hadi kucha. Nikaruka kabla gari halijasimama. Nikatazama sura moja baada ya nyingine na sikumtambua mtu. Nikapiga kelele, "Mama!" Wanawake kama kumi wakageuka kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

"Unapiga yowe la nini?" Sauti ilitoka nyuma yangu. "Saa hizi ndiyo unafika msaragambo? Na viatu viko wapi?"

Alikuwa ameketi chini, amelowa, kichwa wazi. Nikamwangukia. Akanisukuma, kwa sababu kwetu hatukumbatiani ovyo, halafu akaniacha nikabaki hapo nimemshika shingo. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu kupita wangu.

"Hebu niache," akasema. "Mwangalie mjomba wako."

Khanga ya mama ilikuwa kwenye mkono wa mjomba, imezungushwa mara nyingi, imelowa damu. Alikuwa bado ameketi juu ya ukuta wa lango. Wakanieleza kwa kukatizana maneno. Alipanda pale tangu asubuhi kama mwiko wake ulivyo, ingawa hakuna aliyemtuma wala kumlipa, ingawa lango halikuwa lake tena, na wengine walimcheka wazi kwamba analinda chuma. Saa nne mota ikaanza kulia. Lango likainuka kiasi cha shubiri mbili na maji yakaingia kwa kishindo, yakawaangusha waliokuwa karibu. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa Same, kwenye droo yangu. Mjomba alitoa mfukoni lile kufuli lake la zamani, zito kama jiwe, akalisukumiza kwenye meno ya gia kwa mkono wake wa kulia. Gia zikalitafuna kufuli, na mkono. Zikakwama, meno yakavunjika. Lango likajishukia kwa uzito wake. Maji yalikuwa yamefika kifuani, na mama alikuwa wa mwisho kwenye ngazi.

Vidole vitatu. Alivibakiza kwenye gia.

"Mashine imepata kichaa," mtu mmoja akasema, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, mashine imepata kichaa. Walikuwa tayari wananipa pole mimi. Pole kwa safari, pole kwa hofu, pole mwanetu. Baadaye ripoti ya mradi iliandika hitilafu ya umeme, na mkuu wangu akaisaini, na jina langu halikubandikwa ubaoni mwaka ule wala uliofuata. Ningeweza kukaa kimya na kuwa salama kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kukaa kimya, kwa kweli. Nilikuwa naitikia zile pole.

Niliingia kibandani kwa ufunguo wangu. Kwenye kioo, kiti cha nne kilikuwa bado kimekaliwa. Kimeingia saa kumi na mbili, kimya, hai, sasa kinangoja saa tisa. Nikakifunga. Nikafunga na vile vitatu. Nikarudisha dakika kumi za fundi na mpangilio wake wa pili, nikikosea neno la siri mara mbili. Nilipogeuka, mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku niliyomnyang'anya ufunguo.

Vijana walikuwa wanamwita apande Landrova apelekwe hospitali. Hakuwaangalia.

"Haikusikia pembe," akaniambia.

"Haikusikia, mjomba."

"Wewe ungeisikia?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote: viti, dakika kumi, orodha ya ubaoni, kwamba fundi alinionya nami nikabadilisha kwa siri kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Kwamba mashine haikuwa na kichaa chochote, imefanya kile nilichoiambia. Niliongea haraka na kamasi zinanitoka. Aliyekuwa nje hakusikia. Yeye alisikia yote. Nilidhani atanitemea mate, na ningeona ni haki.

"Nipe ufunguo," akasema.

Nikauweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Akaitoa kamba ya katani shingoni, akajaribu kuupitisha kwa mkono mmoja, ukaanguka. Akainama akauokota. Akajaribu tena, kwa meno, ukaanguka tena. Ndipo akaninyooshea kamba bila kunitazama, nami nikaupitisha, nikamfunga fundo nyuma ya shingo. Ngozi yake ilikuwa ya baridi.

"Sasa nakwenda hospitali," akasema.

Akaenda. Pembe akamwachia mtu mwingine, na huyo akapanda ukutani akaketi mahali pake. Wingu lilikuwa limeshafunika upande wa juu wa mlima na nusu ya tope ilikuwa bado chini, kwa hiyo pembe ikalia upya.

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyetaka kuanza. Mama akajifunga khanga ya kuazima, akalichukua karai, akashika ngazi kwa magoti yake yale mabovu. Alipofika katikati akainua uso akaniona nimesimama ukingoni, peku, na nguo zangu za ofisini.

"Unangoja nini?" akasema. "Shuka."

Nilishuka. Chuma cha ngazi kilikuwa na utelezi, na nilihesabu vipandio vyote kumi na nne. Chini, tope lilinifika magotini, na juu yangu lilikuwa lango, linadondosha matone, karibu kiasi kwamba lilinirushia mengine usoni. Sikuweza kuliondolea macho. Mama alinipa karai, akaniambia nichote, na mimi nikachota huku nimetazama juu.